Wachawi wao, marekani yetu

Magari ya polisi wa Salem, mji mdogo wa pwani ya Massachusetts kaskazini mwa Boston, yana nembo ya mchawi aliyepanda ufagio. Timu za shule ya sekondari ya mji huo zinaitwa Wachawi, na katikati ya mji imesimama, tangu mwaka 2005, sanamu ya shaba ya mhusika wa kike wa tamthilia ya vichekesho ya televisheni, mchawi naye, amekaa juu ya ufagio mbele ya hilali huku akitabasamu. Ikifika Oktoba, mji huu ambao sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 44,480 tu hupokea wageni wanaoizidi idadi hiyo mara nyingi, wengi wao wamevaa kofia nyeusi zenye ncha, na barabara zake nyembamba hazipitiki. Wote hao wamekuja kuutafuta mwaka 1692.

Sina ugomvi na mji unaotafuta riziki kwa njia hiyo, kwa kuwa kila mji huuza kile ambacho mgeni yuko tayari kukilipia. Ninachohoji ni gharama yake kwa kumbukumbu. Salem imekubali kujulikana kwa miezi michache ya aibu, na aibu hiyo imefunika zaidi ya miaka arobaini ambayo mji huo ulikuwa na shughuli nzito na Unguja, shughuli iliyoacha alama ndani ya lugha hii ninayoiandika. Watoto wa Salem wanaostahili kujulikana zaidi, na wanaostahili kuulizwa maswali magumu zaidi, hawakuwa wachawi wala mahakimu wa wachawi. Walikuwa manahodha, makarani wa forodha, wafumaji wa nguo na familia moja ya watu weusi waliowapikia matajiri wa mji huku wakiwafundisha maana ya haki.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1626, pale Roger Conant na kundi dogo la wavuvi na wakulima walipohamia kwenye mdomo wa mto ulioitwa Naumkeag na wenyeji wa asili wa eneo hilo. Miaka mitatu baadaye walowezi walilibadilisha jina hilo wakachukua la Biblia, Salem, lenye maana ya amani. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ni shina lilelile la Kisemiti lililotupa salamu, salama na Dar es Salaam. Ni jina zuri kwa mji ambao hata miaka sabini ilikuwa haijatimia ulipoanza kuwanyonga watu wake wenyewe.

Habari ya 1692 haihitaji maneno mengi, kwani imekwisha kuandikwa mno. Ilianzia katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, ambamo wasichana wawili walianza kupiga kelele na kujipinda viungo. Miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kutajwa alikuwamo Tituba, mtumwa wa mchungaji huyo. Mahakama maalumu ilikaa, ikapokea hata ushahidi wa mazuka, yaani madai ya shahidi kwamba kivuli cha mshitakiwa kilimjia usiku kikamtesa. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashitaka, akabanwa kwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani. Waliokiri kwa kawaida waliachwa hai, na waliosimama na ukweli kwamba hawakuwa wachawi ndio waliopelekwa kwenye kitanzi. Kwa hiyo watu ambao mji unawakumbuka kwa nembo ya ufagio ni walewale waliokufa wakiukana huo ufagio. Wageni wengi hawaambiwi jambo jingine pia: kijiji ambamo kelele zile zilianza, Salem Village, kilijitenga na mji mwaka 1752 na leo kinaitwa Danvers. Danvers wameliacha jina, na Salem wakabaki nalo pamoja na biashara yake.

Biashara hiyo haikuanza mara moja. Kwa karibu miaka mia mbili watu wa Salem waliona haya kulizungumza jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sonara mmoja wa mji huo, Daniel Low, alitengeneza kijiko cha fedha chenye picha ya mchawi na fagio lake, kikanunuliwa kama ukumbusho kutoka kila pembe ya Marekani. Wakati huo bandari ya Salem ilikuwa imekwisha kufa. Nadhani mambo hayo mawili yanahusiana, kwa kuwa mji wenye meli kumi zinazoshusha shehena hauna haja ya kuuza wazee wake walionyongwa.

Na meli zilikuwapo kweli. Mwaka 1790, watu wakiwa takribani 8,000, Salem ilihesabiwa miongoni mwa miji kumi mikubwa ya taifa jipya. Tajiri wake mkuu, Elias Hasket Derby, aliyezaliwa hapo mwaka 1739, hakuwa baharia. Alikaa kwenye ofisi yake ya gatini akaituma meli yake Grand Turk hadi Uchina. Baadaye nahodha Jonathan Carnes aligundua mahali pa kununua pilipili manga moja kwa moja Sumatra, akaificha siri hiyo kwa muda, na Salem ikawa gulio la pilipili. Masimulizi ya mji yanasema wafanyabiashara wengine wa Mashariki ya mbali waliiona bendera na jina la Salem mara nyingi mno hata wakadhani Salem ni nchi. Manahodha waliokwisha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn waliunda chama chao mwaka 1799, ambacho sharti mojawapo la uanachama wake lilikuwa huo mzunguko wenyewe, na vitu walivyokusanya vikawa msingi wa jumba la makumbusho ambalo mpaka leo ni moja ya fahari za mji.

Katika mazingira hayo alizaliwa, mwaka 1773, mtu ninayemwona kuwa ndiye akili kubwa kuliko zote zilizotoka Salem. Nathaniel Bowditch alikuwa mtoto wa fundi mapipa. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka kumi ili amsaidie baba yake, kisha akawekwa ukarani katika duka la vifaa vya meli. Usiku alisoma hisabati, na alipogundua kwamba vitabu vya Newton vimeandikwa kwa Kilatini, akajifunza Kilatini. Safarini alikipekua kitabu cha hesabu za baharini kilichokuwa kikitumiwa na kila nahodha wa Kiingereza, akakuta humo maelfu ya makosa. Na kosa katika jedwali la namba, kwa mtu aliye katikati ya bahari usiku, maana yake ni mwamba. Mwaka 1802 alitoa kitabu chake mwenyewe cha unahodha, ambacho toleo baada ya toleo kimeendelea kutumika katika meli za Marekani.

Hata hivyo kipimo cha Bowditch sikioni katika kitabu peke yake. Mwaka 1817 merikebu ya starehe ya tajiri George Crowninshield wa Salem, Cleopatra's Barge, ilitia nanga Genoa, na mwanafalaki mashuhuri wa Ulaya, Franz Xaver von Zach, akapanda kuitazama. Katika mazungumzo alielezwa kwamba katika meli hiyo hata mpishi anajua kupata longitudo kwa kupima umbali wa mwezi na nyota, hesabu ambayo ilikuwa ikiwatoa jasho maofisa wa majeshi ya wanamaji. Mpishi aliitwa. Alitokea mtu mweusi, aproni nyeupe kiunoni, mkono mmoja kashika kuku na mwingine kisu cha kukatia nyama. Von Zach alimwuliza anatumia njia ya nani, naye akamtajia wataalamu kadhaa, Bowditch akiwamo, kisha akasema kwamba yeye hupendelea njia ya Dunthorne kwa sababu ameizoea zaidi. Ninaipenda jeuri hiyo ya kistaarabu. Mji ambao elimu yake ilikuwa imeshuka hadi jikoni, na mpishi wake akawa na ujasiri wa kuchagua njia nyingine badala ya ile ya gwiji wa mji, ulikuwa na jambo kubwa la kujivunia kuliko ufagio.

Mzaliwa mwingine anayejulikana duniani kote ni Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya, aliyezaliwa Julai 4, 1804. Baba yake alikuwa nahodha aliyekufa kwa homa ya manjano huko Suriname mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Babu wa babu yake alikuwa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa 1692, na inadhaniwa mjukuu aliongeza herufi moja katika jina la ukoo ili apate nafasi ya kupumua kati yake na hakimu huyo. Mwaka 1846 alipata kazi ya mkaguzi katika forodha ya Salem, jengo la matofali la mwaka 1819 linaloutazama ule gati mrefu wa Derby. Mwaka 1849 chama kingine kilishika madaraka, naye akafukuzwa. Aliondoka na hasira, akatoa mwaka uliofuata riwaya yake maarufu zaidi, na katika utangulizi wake akaichora forodha hiyo na wazee wake wanaosinzia kwenye viti vilivyoegeshwa ukutani. Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa; Hawthorne aliukataa mji wake kwa maandishi, na mji ukamlipa kwa kumjengea sanamu.

Kuna sentensi moja katika utangulizi huo ambayo wasomaji wengi huipita. Hawthorne anasema kwamba katika asubuhi zile chache za pilikapilika, meli tatu au nne zikifika kwa pamoja, kwa kawaida huwa zimetoka Afrika au Amerika ya Kusini. Mwandishi hakutaja bandari, lakini hesabu za biashara zinaijaza nafasi hiyo, kwani katika miaka aliyokaa kwenye kiti kile, moja ya bandari kuu za Afrika zilizolishana na Salem ilikuwa Unguja.

Meli za Salem zilianza kufika Unguja katikati ya miaka ya 1820. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba na Sayyid Said bin Sultan, uliowapa Wamarekani ruhusa ya kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5. Hesabu zilizobaki zinaonyesha kwamba kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni zilizoingia Unguja zilikuwa 41. Kati ya hizo 32 zilikuwa za Kimarekani, na 20 kati ya hizo za Kimarekani zilitoka Salem. London ilikuwa bado haina ofisa hapo. Mwakilishi rasmi wa kwanza wa taifa la kimagharibi kukaa Unguja alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, aliyefika Machi 1837 akiwa konseli wa Marekani. Waingereza walimleta wa kwao, Atkins Hamerton, mwaka 1841.

Waters ni mtu wa kumtazama kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna Salem nzima. Alikuwa Mkristo mwenye bidii na mpinzani wa utumwa, na katika shajara yake aliandika kwa uchungu kuhusu watumwa aliowaona katika pwani hii. Lakini alikuja kuchuma, na uchumi wa Unguja ulisimama juu ya mabega ya watumwa hao. Mlango wa biashara ulikuwa forodha, na forodha Sayyid Said alikuwa ameikodisha kwa Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi kutoka Kachchh. Waters hakupoteza muda. Aliingia ubia usioandikwa na Jairam, bidhaa za Salem zikapitia mkononi mwa mwenye forodha, na wafanyabiashara wengine, hata Wamarekani wenzake, wakalalamika kwamba hawapati hata tundu la kuchungulia. Mtu mmoja alikuwa konseli, mfanyabiashara na rafiki wa mkusanya ushuru. Alirudi Massachusetts mwaka 1845 akiwa tajiri.

Shehena zilikuwa hivi. Kutoka Salem zilikuja bunduki, baruti, masango ya shaba, samani, na juu ya yote kitambaa cha pamba. Kurudi zilikwenda pembe za ndovu, ambazo nyingi ziliishia katika viwanda vya Connecticut vya kukatia vitana na vidole vya piano, pamoja na ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi, ule utomvu wa kale unaochimbwa mchangani katika mrima, ilihitajika kwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Nahodha John Bertram aliirudisha meli yake Black Warrior mwaka 1832 ikiwa na shehena kubwa ya sandarusi isiyosafishwa, na Salem ikapata karakana ya kuiosha, ambamo vibarua walikuwa wakiitoa ile ngozi yake ya nje yenye vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Meza nyingi za Boston zilizong'aa wakati huo ziling'aa kwa jasho la wachimbaji wa mrima.

Kitambaa kile ndicho kiini cha makala haya. Kilikuwa pamba tupu isiyotiwa rangi wala kupaushwa, yenye umanjano kidogo, nzito, ngumu mkononi, na iliyosifiwa kwa kudumu. Watu wa pwani walikiita marekani, wengine merikani au amerikani, na neno hilohilo likawa jina la watu waliokileta na la nchi walikotoka. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kukiiga, na wanunuzi, waliokuwa wakijua kukipima kwa ncha za vidole, wakakataa kudanganywa. Ni kosa la kawaida kudhani kwamba mnunuzi wa Afrika wa karne ya 19 alichukua chochote alicholetewa. Mfumaji wa Massachusetts ndiye aliyelazimika kufuma kwa upana, uzito na urefu uliotakiwa Unguja na Tabora.

Bara marekani haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili, na hongo ya mtemi, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake, ilihesabiwa kwa doti. Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliambiwa kwamba msafara wa watu 100 utahitaji doti 10 kwa siku kwa chakula, na kwa hesabu ya miaka miwili akaona anahitaji yadi 16,000 za marekani, mbali na kaniki na nguo za rangi. Aliyempokea alikuwa konseli wa Marekani Francis Webb, naye pia mtu wa Salem na wakala wa kampuni ya Bertram. Majora yalikunjwa, yakafungwa kuwa mzigo mmoja mrefu wa kubebwa na mpagazi mmoja begani, na mzigo huo uliitwa mtumba. Neno hilo bado tunalo, ila sasa tunalitumia kwa wingi zaidi na kwa nguo ambazo Wamarekani wamezivaa wakazichoka. Safari ya pamba kutoka kule kuja huku haijakatika. Kilichobadilika ni kwamba zamani tulikuwa tunachagua ikiwa mpya.

Mwaka 1839 wakuu wa Salem, walioona bandari yao ikizidiwa na Boston na New York, waliunda kampuni ya kufuma pamba kwa mvuke, wakaipa jina la zamani la mahali hapo, Naumkeag. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1847, na nguo zake zikapakiwa pamoja na nyingine kuja Unguja. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Ukiufuata uzi mmoja wa marekani tangu shambani hadi begani mwa mtemi wa Unyamwezi, unakutana na mtumwa mwanzoni mwake, aliyeichuma pamba, na mara nyingi unakutana na mtumwa mwisho wake pia, aliyenunuliwa kwa doti kadhaa. Katikati kuna mji wa Wakristo wema wenye jina la amani.

Kulikuwa na watu wa Salem walioliona jambo hilo, na kwa bahati mbaya si hao wanaochapishwa kwenye fulana. John Remond aliletwa Salem mwaka 1798 akiwa mtoto kutoka kisiwa cha Curaçao. Yeye na mkewe Nancy Lenox wakawa wapishi wa karamu kubwa za mji katika ukumbi wa Hamilton. Jemadari Lafayette, Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, alipotembelea Salem mwaka 1824, chakula kilikuwa cha Remond. Lakini mwaka 1835 binti zao, waliokuwa wamefaulu mtihani wa kuingia sekondari, walitolewa shuleni kwa ajili ya rangi yao. Familia ilifunga mizigo ikahamia Rhode Island, ikarudi miaka kadhaa baadaye kuendeleza mapambano, na mwaka 1844 shule za Salem zikafunguliwa kwa watoto wote, mapema kuliko za Boston.

Mtoto wao Charles Lenox Remond, mzaliwa wa 1810, alikuwa miongoni mwa wahubiri wa kwanza weusi wa kulipwa wa harakati za kupinga utumwa. Dada yake Sarah Parker Remond, aliyezaliwa 1826, miaka ileile ambayo meli za mji wake zilikuwa zinajifunza njia ya Unguja, alisukumwa kwenye ngazi za jumba la maonyesho la Boston mwaka 1853 kwa kukataa kukaa mahali pa weusi, akashitaki, akalipwa fidia ya dola 500. Mwaka 1859 alivuka kwenda Uingereza. Alisimama mbele ya watu wa Manchester, mji ulioishi kwa pamba, akawaambia kwamba kila aonapo shehena za pamba zikipita mitaani mwao hukumbuka kuwa hakuna hata senti moja ya thamani yake iliyofika mkononi mwa waliolima. Kisha akaenda Italia, akasomea udaktari Florence, akatibu wagonjwa huko, akafa Roma mwaka 1894.

Sarah Remond aliwaambia wafumaji wa Manchester maneno ambayo yangefaa kabisa kusemwa mlangoni pa kiwanda cha Naumkeag. Ndiyo maana, kama ningeulizwa mtoto yupi wa Salem awekewe sanamu pale njia panda, nisingesita. Mwigizaji wa kuchekesha angeweza kusogezwa kidogo.

Orodha za watu mashuhuri wa mji huu zina majina mengine. Yumo Frederick Townsend Ward, mzaliwa wa 1831, aliyekwenda kuwa kamanda wa kukodiwa Uchina na kuuawa huko mwaka 1862. Yumo mwanahistoria William Prescott. Yumo George Parker, ambaye kampuni yake ya michezo ya mezani ndiyo iliyoeneza Monopoly kuanzia mwaka 1935. Alexander Graham Bell hakuzaliwa Salem, ila alikaa humo akifanya majaribio, na mwaka 1877 alionyesha simu yake hadharani katika ukumbi wa Lyceum.

Biashara ya Unguja ilivunjika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kuanzia 1861 pamba ya kusini haikufika viwandani, bei ya marekani ikapanda, na nguo za Uingereza na Bombay zikaingia kwenye pengo. Watu wa pwani na bara waliendelea kuita nguo ya aina hiyo marekani, hata ilipofumwa kwingine. Merikebu Glide, iliyoingia mwaka 1870, ilikuwa ya mwisho kuleta shehena ya Unguja katika bandari ya Salem. Waliobaki katika biashara hiyo walihamishia meli zao bandari kubwa. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulioanzia kiwanda cha ngozi uliteketeza majengo zaidi ya 1,300, kiwanda cha Naumkeag kikiwamo. Kilijengwa upya, kikafuma mashuka ya kitanda kwa miaka mingine, hadi kilipofungwa mwaka 1953 na kazi yake kuhamishiwa kusini, karibu na mashamba ya pamba.

Gati la Derby na forodha ya Hawthorne vinatunzwa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1938. John Bertram, yule nahodha wa sandarusi, alikufa mwaka 1882, na warithi wake wakaitoa nyumba yake kubwa ya matofali katika mtaa wa Essex iwe maktaba ya umma. Ilifunguliwa mwaka 1889 na bado inaazimisha vitabu. Anayepanda ngazi zake kutafuta historia ya wachawi anaingia kwa mlango wa mtu ambaye sehemu ya utajiri wake ilichimbwa mchangani katika mrima na kubebwa vichwani na begani kutoka bara hadi Bagamoyo.